NGO haitafuti faida, sasa inaingizaje hela mtaani?

Kuna swali huwa linaniumiza kila nikilisikia, manake linaulizwa kama vile jibu lishajulikana: hivi hawa watu wa NGO wanazalisha nini hasa? Kiwanda kinatoa bidhaa, mkulima anavuna, mfanyabiashara ananunua na kuuza, wao kazi yao semina na ripoti. Halafu mashirika yenyewe yakijitetea yanataja bajeti, kwamba mwaka huu tumetumia kiasi fulani kwa hiyo tumechangia kiasi hichohicho kwenye uchumi wa eneo, basi wamemaliza. Mimi hakuna jibu linaloniridhisha kati ya hayo mawili. La kwanza linafuta kazi za watu wengi sana ambao bila wao mitaa mingi ingelala giza, na la pili linahesabu pesa mlangoni inapoingia bila kuuliza imetokea dirisha gani.

Njia ninayoiamini ni kuifuata pesa yenyewe hatua kwa hatua. Imetoka wapi, imepita mikono ya nani, imezunguka mara ngapi kabla ya kuondoka pale mtaani, na swali gumu kuliko yote, je isingekuja kabisa hali ingekuwaje.

Kwanza tuondoe mkanganyiko kwenye jina. "Lisilotafuta faida" watu wengi wanaelewa kwamba shirika haliruhusiwi kubakiwa na hela mwisho wa mwaka, kwamba likibakiwa na chochote basi limeiba. Si kweli. Shirika linaweza kabisa kupata ziada, na likiwa na akili linatakiwa lipate, kwa sababu lisilo na akiba linakufa siku mfadhili mmoja akichelewesha malipo. Kinachokatazwa ni kugawana hiyo ziada. Hakuna mwenye hisa, hakuna anayechukua gawio, kinachobaki kinarudi kwenye kazi. Mwanasheria na mchumi Henry Hansmann wa Marekani aliandika kuhusu hili mwaka 1980 na akaeleza kwa nini katazo hilo lina thamani ya kiuchumi: kuna huduma ambazo mnunuzi hawezi kukagua ubora wake, mfano unachangia hela ili mtu wa mbali usiyemjua asaidiwe, utajuaje kama imefika? Au unamwacha mzazi wako mgonjwa kwenye kituo cha kulelea wazee na yeye mwenyewe hawezi kukusimulia wanavyomtunza. Hapo unakuwa na imani zaidi na taasisi ambayo wenyewe hawatajirika kwa kukupunja. Miaka michache kabla yake, 1975, mchumi Burton Weisbrod alikuja na upande mwingine, kwamba serikali inatoa huduma kwa kuangalia mpiga kura wa katikati, yaani mtu wa kawaida mwenye mahitaji kama ya wengi, kwa hiyo wenye mahitaji ya kipekee, labda ugonjwa wa nadra au lugha ya wachache, wanabaki nje, na soko nalo haliwataki kwa sababu hawana pesa. Mashirika haya yanazaliwa kwenye hilo pengo.

Sasa tuanze na kile kinachoonekana kwa macho, ajira. Watu wengi hawajui ukubwa wake. Marekani, kwa takwimu za idara yao ya takwimu za kazi, mwaka 2022 mashirika haya yalikuwa yameajiri watu kama milioni 12.8, karibu mtu 1 kati ya kila 10 walioajiriwa sekta binafsi. Humo kuna hospitali na vyuo vikuu, si ofisi ndogo za kugawa misaada tu, na ndo maana namba inakuwa kubwa hivyo. Ila kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba kati ya 2007 na 2012, wakati uchumi wa huko umeanguka na kampuni zinapunguza watu, ajira kwenye mashirika yasiyotafuta faida ziliongezeka kila mwaka, kutoka kama milioni 10.5 hadi milioni 11.4. Ukiwaza unaona sababu, hali ikiwa mbaya wanaohitaji huduma wanaongezeka, na hospitali haifungwi kwa sababu soko la hisa limeshuka. Kwa eneo dogo hilo si jambo la kupuuzia kabisa, manake mishahara ya wauguzi na walimu na walezi ndo inayofanya duka la jirani lisifunge.

Na mishahara ni mzunguko wa kwanza tu. Chukua mfano wa kufikirika, shirika limeingiza 100 kwenye eneo. Kama 60 zinalipwa kwa watu na biashara za palepale, na wale nao wakipokea wanatumia asilimia 60 palepale, inakuwa 36, halafu kuendelea hivyo mpaka inaisha, ukijumlisha mizunguko yote unapata 250. Sasa badilisha kitu kimoja tu, fanya ibaki 20 badala ya 60, kwa sababu magari yameagizwa mbali, mshauri ametoka mji mkuu, ukumbi ni wa hoteli ambayo mwenyewe anaishi nje, na vifaa vimekuja kwenye kontena. Jumla inakuwa 125. Bajeti ni ileile 100, picha kwenye ripoti zinafanana, lakini shirika la kwanza limeacha mara mbili ya la pili. Wachumi wanaita hiki kizidishi, na kipo tangu miaka ya 1930, mchumi wa Uingereza Richard Kahn alikiandikia 1931 na mwenzake John Maynard Keynes akakitumia sana kwenye kazi yake ya 1936. Taasisi ya New Economics Foundation ya London ikaja kukirahisisha ili hata shirika dogo lisilo na mchumi liweze kupiga hesabu, unafuata mizunguko mitatu ya kwanza tu, unajumlisha unagawa kwa kile ulichoanza nacho. Kwa mfano wetu wa juu inatoka 1.96 kwa shirika la kwanza na 1.24 kwa la pili. Hesabu ya kalamu na karatasi hiyo, na mhasibu yeyote mwenye orodha ya waliolipwa anaweza kuifanya kwa siku chache.

Ndo maana nasema watu wa manunuzi kwenye haya mashirika wana nguvu kuliko wanavyojijua. Cleveland kule Marekani kuna hospitali kubwa na chuo kikuu zimezungukwa na mitaa maskini kabisa, na kwa miaka mingi taasisi hizo zilikuwa zinanunua vitu na huduma za mabilioni ya dola lakini pesa inapita juu ya vichwa vya majirani inaenda zake. Mwaka 2008 taasisi hizo, mfuko wa jamii wa mji na manispaa wakakaa pamoja wakaanzisha mpango wa vyama vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi, unaitwa Evergreen, na chama cha kwanza kufungua, 2009, kikawa cha dobi. Fikiria hospitali inatumia mashuka mangapi kwa siku. Kazi ilikuwepo siku zote, pesa yake ilikuwepo siku zote, kilichobadilika ni nani anafua na nani anamiliki mashine za kufulia.

Utafiti unaonivutia kuliko yote kwenye mambo haya ulifanyika Siaya, Kenya. Shirika la GiveDirectly lilitoa pesa taslimu, kama dola 1,000 hivi kwa kila kaya maskini, kwa zaidi ya kaya 10,000, kwenye eneo la vijiji 653, na nani aanze nani asubiri kulipangwa kwa bahati nasibu ili matokeo yaweze kulinganishwa. Pesa iliyoingia maeneo yaliyopata ilikuwa nyingi mno, karibu asilimia 15 ya pato la eneo lile kwenye mwaka wa kilele. Wachumi Edward Miguel, Johannes Haushofer, Paul Niehaus, Dennis Egger na Michael Walker wakafuatilia kaya, maduka, bei, kila kitu, na wakachapisha mwaka 2022. Walichokuta ni kwamba kila dola 1 iliyotolewa ilisababisha ongezeko la kama dola 2.5 kwenye uchumi wa eneo. Hata kaya ambazo hazikupewa chochote matumizi yao yalipanda, kwa sababu walikuwa wanauza kwa waliopewa au wanaajiriwa nao. Na bei, kitu ambacho kila mtu alikiogopa, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya mada nzima. Kwa nini bei hazikupaa? Maelezo yanayoleta maana ni kwamba biashara ndogo za vijijini zilikuwa na nafasi iliyolala. Mwenye mashine ya kusaga alishanunua mashine, fundi ana vifaa vyake, mwenye duka anakaa kutwa nzima, kinachokosekana ni wateja tu. Mteja akija wa pili na wa tatu, mwenye mashine hahitaji kununua nyingine, anaiacha ileile ifanye kazi masaa mengi zaidi. Pesa inageuka kuwa kazi badala ya kugeuka kuwa bei. Lakini pesa ileile ukiipeleka mahali ambapo kila fundi ana foleni na kila nyumba imepangishwa, sehemu kubwa itaishia kwenye kupandisha bei. Kwa hiyo mtu akikuambia "kizidishi cha misaada ni 2.5" kama vile ni sheria ya fizikia muulize hali ya eneo ikoje kwanza. Namba inatoka mahali.

Tukija kwenye hesabu rasmi za nchi, hapo ndo kazi hii inapotea kwenye makaratasi, na si kwa ubaya wa mtu, ni mfumo wenyewe ulivyojengwa. Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa unagawa uchumi kwenye sekta, sasa shirika lisilotafuta faida likiwa linauza huduma kwa bei ya maana linawekwa kundi moja na kampuni, likiwa linaendeshwa na serikali linawekwa serikalini, na yanayobaki ndo yanapata kikapu chao kidogo cha mashirika yanayohudumia kaya. Ukiangalia kile kikapu unasema aah kumbe ni kitu kidogo tu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2003, baada ya kazi ndefu ya kina Lester Salamon wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ukizishauri nchi zitengeneze akaunti ya pembeni inayoyakusanya yote mahali pamoja. Shida nyingine ni kwamba huduma inayotolewa bure haina bei, kwa hiyo thamani yake inahesabiwa kwa gharama za kuizalisha. Maana yake shirika linalofanya kazi nzuri kwa gharama ndogo linaonekana limechangia kidogo, na lenye matumizi makubwa ya hovyo linaonekana limechangia sana. Hili linaniuma kwa kweli.

Halafu kuna wanaojitolea. Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yao ya 2022 walikadiria watu kama milioni 862 duniani wanajitolea kila mwezi, na wengi wao hawako chini ya shirika lolote, wanasaidiana tu wenyewe kwa wenyewe. Hesabu za taifa zinawatazama kwa namna ya ajabu kidogo: mkijitolea kujenga jengo la shule, jengo ni kitu, linahesabika kwa thamani ya majengo yanayofanana nalo, lakini mkiingia ndani mkafundisha bure miaka kumi, ile kazi ya kufundisha haipewi thamani yoyote, inaingia sifuri. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wa kupima kazi za kujitolea mwaka 2011, na mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi ukaitambua rasmi kuwa ni kazi. Njia inayotumika sana ni kuuliza kama ungeajiri mtu afanye kazi hiyohiyo ungemlipa ngapi. Siyo njia kamilifu, manake haihesabu imani, wala haihesabu ile hali ya mtu kuja usiku wa manane kwa sababu anakujua, ila angalau inatoa namba mahali palipokuwa na sifuri.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kabisa mwaka huu wala mwaka kesho. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule Busia, Kenya, ukiendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, shule nyingine zikianza mapema nyingine zikachelewa. Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia, na waliporudi kwa watoto walewale miaka kama 20 baadaye wakakuta waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao wanapata kipato cha saa kilicho juu kwa asilimia 13, na matumizi yao yako juu kwa asilimia 14. Wapo watafiti waliobishana nao vikali juu ya ukubwa wa matokeo ya awali na ubishi huo ni wa haki. Lakini nachotaka uone ni aina ya mchango wenyewe: kidonge cha bei ndogo sana, halafu faida inatokea kwenye mshahara wa mtu mzima ambaye pengine hata hakumbuki kama aliwahi kumeza. Ripoti ya mwaka ya shirika ingeiandika vipi hiyo? Wangeandika idadi ya vidonge.

Sasa niseme na ubaya, kwa sababu naipenda hii kazi na sitaki itetewe kwa kuficha. Msaada unaweza kuua biashara. Mchumi Garth Frazer aliangalia nguo za mitumba zinazoanzia kwenye michango ya hisani nchi tajiri, na kwenye kazi yake ya 2008 akakadiria zilichangia kama asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Mtu aliyetoa shati lake alikuwa na moyo mzuri kabisa. Jambo lingine ni watumishi. Shirika kubwa likifika eneo dogo linalipa vizuri, kwa hiyo linamchukua muuguzi wa zahanati na mwalimu bora wa hesabu anaenda kuwa afisa mradi, na kwenye vitabu inaandikwa "ajira mpya" wakati ukweli ni ajira iliyohamishwa na darasa limebaki bila mwalimu. Na pale mashirika mengi yanapofika kwa pamoja baada ya janga, kodi za nyumba zinapanda, mwenye nyumba anafurahi, mpangaji wa kawaida anafungasha. Ndo maana ile hesabu ya bajeti peke yake haitoshi, lazima utoe kilichohamishwa na kilichoharibiwa ndo upate kilichoongezwa.

Kodi nayo huwa inaleta maneno, watu wanasema hawalipi kodi hawa. Nchi nyingi zinasamehe kodi ya mapato ya shirika lenyewe, ila wafanyakazi wake wanakatwa kodi kwenye mishahara kama watu wengine, na mara nyingi shirika linalipa VAT kwenye manunuzi bila njia ya kuidai, tofauti na kampuni. Msamaha ni ruzuku ya umma, sawa, na umma una haki ya kuuliza imefanya nini.

Kitu ambacho ningeomba wachangiaji waache ni kung'ang'ania asilimia ya gharama za uendeshaji, ile ya "kila senti iende kwa mlengwa". Mhasibu anayezuia wizi yumo kwenye gharama za uendeshaji. Yule anayetafuta msambazaji wa karibu badala ya kuagiza mbali yumo humohumo. Shirika linalobanwa mpaka haliwezi kununua kompyuta linaishia kutoa taarifa mbovu, halafu linanyimwa fedha kwa kuwa na taarifa mbovu, na kila likinyimwa linazidi kujibana ili lionekane la bei rahisi.

Na mwisho wa pesa nao ni sehemu ya hesabu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada ya nje, ikawa imefungwa. Ndani ya wiki chache tu madereva, wahudumu wa afya, wahasibu na walinzi kwenye nchi nyingi wakapewa barua, na nyuma yao wakafuata wenye nyumba waliopangisha ofisi, mafundi magari, wachapishaji, mama aliyekuwa na mkataba wa kusafisha. Kile kizidishi nilichokieleza huko juu kinafanya kazi kurudi nyuma pia, kila 100 inayoondoka inaondoka na zile zilizokuwa zinazunguka nyuma yake.

Mashirika yanayostahimili hilo ni yale yaliyojenga kitu kinachojiendesha. BRAC ya Bangladesh ilianzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, miaka ya 1980 ikatembea nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa mtoto mwenye kuharisha, zaidi ya kaya milioni 12 zikafikiwa, na wakati huohuo ilikuwa inajenga biashara zake yenyewe. Mojawapo ni Aarong, iliyoanza 1978. Wanawake wa vijijini waliokuwa wanatengeneza hariri walikuwa wakipeleka mzigo kwa wenye maduka mjini Dhaka, wanaacha, wanasubiri malipo miezi na miezi mpaka kinachouzwa kiuzwe. BRAC ikaona haina haja ya kuwagawia hao wanawake chochote, ikafungua duka lake, na ikawa inawalipa siku ileile wanapoleta mzigo.